Nilifuta Moshi kwa Kidole Kimoja

Tarehe kumi na tano Agosti mwaka juzi, saa nane na dakika ishirini na mbili mchana, nilikuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Simu ya kazi inasema nilikuwa mlimani, kituo namba saba, chini ya msonobari, nikiulinda msitu usiungue.

Tumbo langu linasema nilikuwa uani kwa shemeji yangu, mbele yangu mwanakondoo wa kuchoma, mkononi gilasi ya nne ya tsipuro, ile pombe yetu kali ya zabibu.

Simu haikudanganya, na tumbo halikudanganya. Mwongo nilikuwa mimi, na nimechoka kukaa na hili jambo kifuani, ndiyo maana leo naandika.

Msinionee huruma. Someni mpaka mwisho, halafu mnitukane kwa kituo.

Naitwa Stathis. Natokea kijiji kimoja cha mlimani huku Arkadia, Ugiriki, ambako kiangazi kikiingia watu wanalala jicho moja wazi kwa kuogopa moto.

Manispaa yetu huipa kampuni moja kazi ya doria. Kampuni inatuajiri sisi vijana na wasio vijana kuanzia Juni mpaka mwisho wa Septemba. Enzi za baba yangu, mtu wa doria alipewa darubini, filimbi na matusi. Siku hizi anapewa simu.

Ndani ya simu kuna programu. Ina jina refu la kiofisi, lakini sisi tuliiita Mama Mkwe, kwa sababu kila baada ya dakika chache inataka kujua uko wapi, unafanya nini na mbona umechelewa.

Njia yangu ilikuwa na vibao kumi vilivyopigiliwa kwenye misonobari. Unafika kwenye kibao, unakiskani, unapiga picha ya bonde, unabonyeza kitufe cha kijani kilichoandikwa Shwari. Ukiona jambo, unabonyeza chekundu: Moshi.

Basi. Kilomita kumi na mbili za kupanda na kushuka, mara mbili kwa siku, juani.

Simu yenyewe walikuwa wameifunga. Inapokea, ila haipigi popote isipokuwa namba ya dharura. Msimamizi wetu, Kleanthis, alisema tukiachiwa tutawapigia shangazi zetu wote mpaka huko Australia.

Sasa, Julai nikateguka kifundo cha mguu.

Kwa vibarua wa msimu kama sisi, ukiumia ni shauri lako. Usipotembea siku tatu, anatafutwa mwingine. Nikakaa kibarazani, mguu kwenye ndoo ya barafu, nawaza nitafanyaje.

Ndipo akapita Zisis.

Zisis ni mchungaji, wakati huo alikuwa na miaka sitini na nane na kondoo mia moja na themanini. Ndiye aliyemshika binti yangu Evanthia kwenye maji ya ubatizo. Huku kwetu mtu akishakubatizia mtoto, majina mnayaweka kando. Mnaitana kumbaro mpaka mmoja azikwe, na ukipata shida unamwita yeye kabla hujamwita kaka yako.

"Kumbaro, mbona umekaa kama mfiwa?" akaniuliza.

Nikamweleza.

Akakuna kidevu. "Vibao vyako viko wapi? Si ndiyo ile njia yangu ninayopita na kondoo?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Basi lete hiyo simu."

"Utaiweza?"

"Nimezalisha kondoo kwa mkono mmoja huku mvua inaninyeshea. Kubonyeza kijani ndiko kutanishinda?"

Nikamfundisha asubuhi moja. Vidole vyake vinene, miwani anaivaa kanisani tu, lakini aliishika kazi. Makubaliano yalikuwa wiki moja.

Wiki ikaisha. Mguu ukapona siku ya Jumanne, nakumbuka vizuri, nilipanda ngazi bila kuugulia.

Mimi mlimani sikurudi.

Kila asubuhi naipeleka kwake na pakiti ya tumbaku. Jioni naenda kuichukua. Katikati hapo nalala, natengeneza pikipiki, nacheza karata mgahawani kwa mwendo wa kujificha. Yeye mzee wa watu anatembea kwa niaba yangu na haulizi kitu. Siku moja tu aliniuliza, "Mguu unaendeleaje?" Nikamjibu, "Bado bado, kumbaro." Nikachechemea kidogo nilipokuwa naondoka.

Nilichechemea. Naomba mlikumbuke hilo mtakapofika kwenye kunitukana.

Mwisho wa Julai, Mama Mkwe akatoa matokeo. Stathis, vituo vyote, siku zote, mfanyakazi wa mwezi. Kleanthis akabandika picha yangu kwenye kundi la wafanyakazi, wenzangu wakamwaga pongezi. Nikajibu kwa kile kikaragosi cha mkono wenye msuli.

Tatizo likawa kitufe chekundu.

Mara ya kwanza Zisis alikibonyeza kwa bahati mbaya, gari la zimamoto likapanda mlima mzima likipiga king'ora, likawakuta kondoo wanatafuna. Mara ya pili aliona vumbi la kundi lake mwenyewe likipanda bondeni, akadhani ni moshi. Gari likapanda tena.

Kleanthis akanipigia. "Stathis, wewe ni mfanyakazi wa mwezi au mlevi wa mwezi?"

"Samahani bosi, jua lilinipiga."

"Ikitokea ya tatu, simu na fulana uviweke mezani kwangu. Na kuanzia leo kila ripoti ya Moshi itakuja kwanza kwenye namba yako binafsi. Unathibitisha au unafuta. Vidole vyenu vinene nyie, na mifuko yenu inabonyeza yenyewe."

Jioni ile nikaenda kwa Zisis nimenuna.

"Kumbaro, unataka nifukuzwe kazi?"

"Mimi? Kwani nimefanya nini?"

"Siku hizi ripoti inakuja kwanza kwenye simu yangu. Hicho chekundu usikiguse. Usikiguse mpaka moto uwe unakuangalia usoni."

Akacheka, akasema sawa. Aliponikabidhi simu nikaona ameifunga kipande cha kitambaa safi isishike vumbi.

Ikafika tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Mama wa Mungu. Huku kwetu siku hiyo hakuna anayefanya kazi isipokuwa wapishi na mapadri. Na sisi wa doria, maana ndiyo siku watu wanatoka mjini kuja kuchoma nyama msituni. Likizo imekatazwa kabisa.

Sasa mama mkwe wangu wa kweli anaitwa Despina, na siku hiyo ndiyo sikukuu ya jina lake, ambayo huku kwetu ni kubwa kuliko siku ya kuzaliwa. Ukoo mzima unakusanyika kwa shemeji Loukas. Usipoonekana, utasikia habari zako mpaka Krismasi.

Kwa hiyo siku moja nilikuwa na mama wakwe wawili, nikamchagua mwenye nyama.

Nilikuwa nimeweka simu yangu mezani kando ya sahani. Saa nane na dakika ishirini na mbili ikatetemeka.

MOSHI. KITUO CHA 7. THIBITISHA AU FUTA. PICHA INAPAKIWA.

Loukas akachungulia. "Nani huyo anakusumbua sikukuu?"

"Mama Mkwe," nikasema.

Kutoka upande wa pili wa meza Mama Despina akainua kichwa. "Naam? Naitwa?"

Meza nzima ikaanguka kicheko. Mzee mmoja alipaliwa mpaka akapigwa mgongo. Mimi mwenyewe machozi yalinitoka.

Katikati ya kile kicheko nikasogeza kidole gumba nikabonyeza Futa.

"Kumbaro kashika tena," nikamwambia mke wangu Rodanthi aliyekuwa anapita na mkate. Nikageuza simu kifudifudi, nikaongeza tsipuro.

Sikusubiri picha ipande, na mtandao wa kule nilikuwa naujua kwamba unakwenda kwa kujivuta. Ndugu zangu, ilikuwa sekunde mbili tu za maisha yangu.

Baada ya kama dakika arobaini mtoto mmoja akasema, "Babu, mbona kanisa linalia?"

Kengele. Si ile ya ibada. Ile ya haraka haraka, ambayo sisi wa milimani tunaijua tangu tumboni.

Tukatoka barabarani. Juu ya mgongo wa mlima, upande wa njia yangu, moshi ulikuwa umesimama mnene na mweusi chini.

Tsipuro yote ikanitoka kichwani. Nikaishika simu nikapiga ile ya kazi. Ikaita. Ikaita. Ikakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata.

Watu walipigana na ule moto mpaka kesho yake jioni, ndege zikimwaga maji. Na mimi nilikuwepo, nimeshika mpira wa maji na wenzangu, uso mweusi kwa masizi, na kila aliyepita alinipiga begani akisema "Mungu akupe nguvu." Nilikuwa naitikia.

Hakufa mtu.

Lakini zizi la Zisis liliungua. Kondoo mia moja na arobaini. Yeye mwenyewe alikutwa amekaa kando ya barabara, mikono miwili imeungua kwa kung'ang'ania lango la chuma. Wakampeleka hospitali mjini.

Asubuhi baada ya moto kuzimika nikaitwa na mpelelezi wa zimamoto, mama mmoja mkavu anaitwa Afisa Melpo.

"Moto umeanzia mita mia mbili kutoka kituo cha saba," akasema. Mbele yake kulikuwa na karatasi za kampuni. "Rekodi inaonyesha saa nane na dakika ishirini na mbili wewe ulikuwa kituo cha saba. Hakuna mwingine. Hebu niambie ulikuwa unafanya nini pale."

Mtu mzima mwenye akili angevuta pumzi kwanza. Mimi hata kukaa vizuri nilikuwa sijakaa.

"Si mimi. Simu alikuwa nayo Zisis. Mchungaji."

Kalamu yake ikaanza kwenda. Nikamweleza habari ya mguu, ya wiki moja, ya kumsaidia mzee ajisikie ana kazi. Ndiyo, nililiweka hivyo, kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimsaidia.

"Nilitaka nikusikie wewe kwanza. Huyu mzee tulimhoji hospitali, anasema aliripoti moto," akasema. "Na kweli, ripoti ipo. Lakini dakika moja baadaye imefutwa. Hapa imeandikwa, imefutwa na mtumiaji. Sasa mtu anaripoti moto, kisha anaufuta mwenyewe. Inakuingia akilini?"

"Sijui, afisa."

"Kwa akili yangu mimi, kauwasha, kajitengenezea ushahidi kwamba aliripoti, halafu akahakikisha hakuna gari linalokuja. Wachungaji wanataka majani mapya, tunawajua."

"Sijui, afisa," nikarudia.

Nilijua. Nilikuwa na simu mfukoni, imenigusa paja, na ule ujumbe umo ndani. Picha nayo ilikuwa imeshafika, niliiona jioni ya moto. Moshi mwembamba mweupe nyuma ya miti, na pembeni kipande cha kidole chake kimeziba kona. Zimamoto wangepigiwa simu dakika ile, moto ungezimwa na gari moja.

Na Afisa Melpo akanisomea maelezo ya Zisis, bila kujua ananifanya nini.

Kwamba mchana kondoo hulala kivulini zizini, naye hukaa nao. Lakini kwa kuwa alikuwa na vibao vya Stathis, aliwafungia akapanda. Kwamba aliuona moshi, akauangalia sana kwanza, kwa sababu alikuwa ameambiwa asibonyeze ovyo. Akabonyeza. Kioo kikamwandikia: Ripoti imepokelewa. Baki ulipo uwaelekeze.

Akabaki.

Pale njia inagawanyika mara mbili, na madereva hupotea. Kwa hiyo mzee alisimama njia panda, kofia mkononi, tayari kuwapungia. Zizi lilikuwa dakika kumi chini. Alilitazama, akatazama barabara, akasema mwenyewe, simu imesema wanakuja.

Alisimama zaidi ya nusu saa. Alipokimbia kwenda kufungua lango, lilikuwa limeshapata moto.

"Hadithi nzuri," Afisa Melpo akasema, akafunga jalada.

Jioni ile ile wakamtoa hospitali wakamweka selo.

Nilipofika nyumbani nikampigia Kleanthis. Sijui nilitaka nini kwake. Labda nilitaka anitukane.

"Kleanthis, ile ripoti iliyofutwa..."

"Usinimalizie hiyo sentensi," akanikata. "Rekodi inasema mtumiaji. Mtumiaji ni mwenye simu. Simu alikuwa nayo mzee. Hapo panatosha."

"Lakini wewe si unajua uthibitisho unakuja kwenye namba..."

"Mimi sijui kitu. Mkataba wa manispaa unafanywa upya Septemba, tuko watu ishirini na familia zetu. Lala, Stathis."

Nikajaribu kulala. Mgahawani kijiji kilikuwa kimeshahukumu. Watu waliokula jibini la Zisis miaka thelathini walikuwa wanasema, "Mimi tangu zamani sikumwamini." Mmoja akanigeukia, "Pole Stathis, amekuponza kumbaro wako." Nikanywa kahawa yangu. Sikumtetea hata kwa neno moja.

Siku ya nne asubuhi Rodanthi alikuwa anakata maharage mabichi jikoni. Hakuinua macho.

"Nilikuona," akasema.

"Uliniona wapi?"

"Mezani kwa Loukas. Ulibonyeza huku unacheka. Ukasema kumbaro kashika tena."

Kisu kikaendelea, tak, tak.

"Nimesubiri siku nne useme mwenyewe. Nakuona unakula, unaoga, unanyoa ndevu. Kila siku najiambia labda leo."

"Rodanthi, nitafungwa."

"Na yeye yuko wapi sasa hivi, harusini?"

"Tuna mtoto."

"Mtoto huyo aliyemtoa kwenye maji ni nani? Si ile mikono iliyoungua?" Akaweka kisu chini. "Mimi siwezi kumwambia Evanthia uongo kuhusu baba yake wa ubatizo. Ukitaka, mwambie wewe."

Nikachukua funguo za pikipiki.

Njia nzima mpaka mjini nilikuwa napanga maneno. Nilipofika kwa Afisa Melpo nilikuwa nimeyapanga vizuri, nikasimama mlangoni nikasema, "Nimekuja kutoa maelezo."

Hakuonekana kushangaa. "Umechelewa. Mzee ameshatoa."

Akageuza karatasi nisome.

Nilisoma mara mbili. Zisis ameandikisha kwamba simu aliichukua kwenye pikipiki yangu bila mimi kujua, siku zote hizo, kwa sababu alipenda kupiga picha kondoo wake. Kwamba siku ya moto alibonyeza chekundu, akaingiwa na hofu ya kugombezwa, akafuta mwenyewe kwa kidole chake. Kwamba Stathis alimtetea tu kwa kusema anamsaidia, lakini hakuwa anajua chochote. Hana kosa, ni kijana wa watu, ana mtoto mdogo.

Chini palikuwa na sahihi. Mstari mmoja uliokwenda upogo, kama wa mtu aliyebana kalamu katikati ya bandeji mbili.

"Hao waliowasha tumewapata," Afisa Melpo akasema. "Watu wa mjini, wamechoma nyama wakamwaga makaa vichakani. Kwa hiyo mzee haendi kwa kosa la kuchoma msitu. Limebaki hili la kufuta ripoti. Nalo lina jela, ila kwa umri wake huenda jaji akamwonea huruma. Wewe uko safi. Nenda nyumbani, bwana."

Nenda nyumbani.

Sasa nawaambia kitu ambacho sijawahi kumwambia hata Rodanthi. Nilifurahi.

Nilihisi mwili wote umekuwa mwepesi. Nikasema ahsante. Nikashuka ngazi, nikawasha pikipiki, nikaenda mpaka kituo cha mafuta, nikanunua maji baridi, nikayanywa yote nimesimama juani. Nikaanza kutafuta jinsi ya kulipanga. Nitamwekea wakili mzuri. Nitamnunulia kondoo, kidogo kidogo. Ni mzee, hawatamfunga kweli. Tena ameamua mwenyewe, nani amemlazimisha?

Nikiwa hapo simu ikatetemeka mfukoni.

Stathis, hujaanza doria ya leo. Uko wapi?

Mama Mkwe. Simu ya kazi walikuwa wameshaichukua kama ushahidi, lakini yeye alikuwa bado ananitafuta kwenye namba yangu.

Niliusoma ule ujumbe mpaka kioo kikazima. Halafu nikaketi chini palepale, kando ya pampu, mtu mzima, nikalia mpaka muuza mafuta akaja kuniuliza kama nimepata msiba.

Nikarudi.

Afisa Melpo alikuwa anafunga ofisi. Nikamwekea simu mezani, ujumbe umefunguliwa. Kituo cha saba. Thibitisha au Futa. Na chini yake, saa nane na dakika ishirini na tatu: Umefuta.

Akaisoma. Akaangalia namba. Akafungua jalada akalinganisha. Kisha akaenda kufunga mlango, akarudi, akakaa.

"Ulikuwa wapi ulipobonyeza?"

"Mezani. Tulikuwa tunakula."

"Unajua nimemlaza selo mzee wa miaka sitini na nane, na mikono ile?"

"Najua."

"Hujui wewe. Alikuwa anamwomba askari amfungue suruali akitaka kwenda haja."

Nilitamani sakafu inimeze. Akachukua karatasi nyeupe, akaniambia nianze mwanzo, na nisimpunguzie hata dakika moja.

Sikumpunguzia. Hata la kuchechemea nilimwambia.

Zisis alitoka kesho yake. Mimi nikashtakiwa. Mahakama ikanipa kifungo cha nje, miezi kumi na minane. Kampuni haikunipigia wala kuniandikia barua. Nilifungua programu nikakuta maandishi: akaunti yako imefungwa. Mkataba wao na manispaa ulifanywa upya, na Kleanthis yupo kazini mpaka leo.

Lakini hayo si mwisho. Mwisho ni siku niliyokwenda kwa Zisis.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono imelala mapajani, bado na bandeji. Nyuma yake kondoo arobaini waliobaki wamejibana kwenye kibanda cha kuazima. Nilikuwa nimejiandaa kwa kipigo. Nilikuwa nimejiandaa pia kwa msamaha, maana baada ya kuyasoma yale maelezo niliamini kwamba mtu huyu ni mtakatifu, ameamua kunibeba.

"Kaa," akasema.

Nikakaa juu ya jiwe.

"Kumbaro, kwa nini ulisaini?"

Akafikiri. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mimi nilikiona kioo kimebadilika," akasema. "Baadaye, selo, nikakumbuka. Kiliandika neno fupi, kikarudi kwenye orodha. Nikajua umefuta wewe. Nikasema, sawa, atakuja. Siku ya kwanza nikasema anakuja. Ya pili nikasema yuko njiani. Kila mlango ukilia nageuka. Ya tatu nikaona bora nisaini, nipumzike kusubiri."

Sikuweza kumwangalia. Nilikuwa nadhani alisaini kwa kunipenda. Kumbe alisaini kwa sababu kwa mara ya pili ndani ya wiki moja aliambiwa msaada unakuja, na haukuja, na mara zote mbili aliyetakiwa kuuleta ni mimi.

"Nikuulize kitu kimoja tu," akasema.

"Uliza."

"Ule ujumbe ulipokuja, ulidhani nimekosea tena?"

"Ndiyo."

"Si kosa kudhani. Nilishakosea mara mbili." Akasogeza mikono yake kidogo, taratibu, kwa maumivu. "Simu yako ilikuwa mkononi?"

"Ndiyo."

"Na hii ya kazi ilikuwa mkononi mwangu. Inapokea, si ndiyo?"

"Inapokea."

"Sasa mbona hukunipigia?"

Ingechukua nusu dakika. Kumbaro, ni moshi kweli? Ni moshi kweli, nauona. Basi. Lakini wazo la kumpigia halikunijia kabisa. Niliulizwa na programu, nikaijibu programu.

Alisubiri jibu kwa ustaarabu, mpaka kondoo mmoja akalia, akanyanyuka kwenda kumwangalia.

Mimi sina elimu ya kuwafundisha watu. Ila siku hizi najua kuna wengi mnaofanya kazi kama ile yangu, mnathibitisha na kufuta siku nzima, na upande wa pili kuna mtu amesimama juani. Siku simu ikikuuliza kama mtu huyo anasema kweli, usiijibu. Mpigie mwenyewe umsikie.